Nani Anatembea, Nani Ameketi

Hotuba kwa walimu, wazee na vijana, Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojikusanya karibu na mlango ili iwe rahisi kuponyoka nikizidisha maneno: hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie siku za taifa kwa kuwa Mashujaa iko karibu. Waliponialika walitaka nieleze historia ya siku hiyo. Nitaieleza, ila nitapitia kwa majirani kwanza, na kwa watu wa mbali, maana mambo yetu tumeyazoea mno hata hatuyaoni tena.

Tuanze na karatasi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 9, inataja alama za taifa: bendera, wimbo, nembo na muhuri. Kisha inataja siku za taifa, na ni tatu tu: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba. Krismasi na Idi hazimo humo, hizo ni siku za mapumziko kwa sheria nyingine.

Sasa niwaulize. Uhuru tuliupata lini? Naam, 12 Desemba 1963. Na siku hiyo tunaiitaje? Jamhuri. Lakini nchi iliyopandisha bendera usiku ule kule Lang'ata, mahali tunapopaita leo Uhuru Gardens, haikuwa jamhuri. Ilikuwa nchi huru ambayo mkuu wake wa dola alikuwa bado Malkia Elizabeth, na mumewe Philip ndiye aliyekuja kwa niaba yake. Jamhuri ilitangazwa mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, Mzee Kenyatta akatoka kwenye uwaziri mkuu akawa Rais. Tanganyika nao walifanya vivyo hivyo: uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962. Tofauti ni kwamba wao waliichagua ya kwanza ndiyo iipe siku jina, na mpaka leo ni Siku ya Uhuru. Sisi tulichagua ya pili. Kwa hiyo Kenya, nchi iliyopigania uhuru msituni na mitaani, hata katika mtaa huu, haina sikukuu inayoitwa Uhuru. Hilo si kosa la mtu. Ni uamuzi, na leo nataka tuziangalie tarehe hizi kama maamuzi. Kuna watu waliokaa mezani wakasema tutakumbuka hili, lile tuliache.

Wafaransa wana kisa kinachonichekesha kila nikikirudia. Siku yao ni 14 Julai, na sote tumefundishwa kwamba ni siku ya kuvamiwa kwa gereza la Bastille mwaka 1789. Gereza lenyewe siku hiyo lilikuwa na wafungwa 7. Mwaka 1880 bunge lao lilipotaka kuifanya siku ya taifa, baadhi ya wabunge walikataa. Walisema siku ile damu ilimwagika, vichwa vya watu vilichomekwa kwenye mikuki vikatembezwa barabarani, tutasherehekeaje mambo hayo? Watetezi wa mswada wakawajibu: basi chukueni 14 Julai ya mwaka uliofuata, 1790, watu walipokusanyika Paris kutoka pande zote za nchi kwa amani, na mfalme mwenyewe akala kiapo mbele yao. Sheria ikapita. Ukiisoma leo inasema Jamhuri inaichukua tarehe 14 Julai kuwa sikukuu ya taifa, basi. Mwaka haukutajwa. Kila Mfaransa ana ruhusa ya kusherehekea 14 Julai aitakayo. Mimi huona huo ni ujanja mkubwa wa kisiasa, na ningependa wabunge wetu wauige badala ya kuiga mambo mengine ya Ulaya.

Wamarekani nao. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa tarehe 2 Julai 1776, si tarehe 4. John Adams, aliyekuwamo katika kikao kile, alimwandikia mkewe kwamba vizazi vijavyo vitaikumbuka tarehe 2 Julai kwa kengele na mioto. Tarehe 4 ilipitishwa ile karatasi ya tangazo, ikachapishwa, na tarehe iliyokuwa juu ya karatasi ndiyo watu waliyoishika.

Lakini kwa nani? Mwaka 1852 Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka, aliombwa ahutubie mjini Rochester katika sherehe za siku hiyo. Alikubali, ila alihutubu tarehe 5. Akawauliza waliomwalika siku hiyo ina maana gani kwa mtumwa. Watu weusi wa Texas baadaye walijipatia siku yao, 19 Juni, kwa sababu ni tarehe hiyo mwaka 1865 ambapo jeshi lilifika Galveston na kutangaza kwamba watumwa wako huru. Lincoln alikuwa ametoa tangazo lake tarehe 1 Januari 1863, lakini kule Texas mabwana hawakuwa na haraka ya kulitekeleza. Familia zikaisherehekea siku hiyo miaka nenda miaka rudi, kwa nyama choma, kanisa na hadithi za mababu, bila serikali yao kuu kuitambua. Ilitambuliwa mwaka 2021.

Sasa turudi kwetu Afrika, na nitakaa kidogo Unguja. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla yetu. Sultani Jamshid ndiye alikuwa mkuu wa dola, Mohammed Shamte waziri mkuu. Tarehe 12 Januari 1964, kabla hata bendera haijachakaa, yakaja Mapinduzi. Leo nenda Zanzibar tarehe 12 Januari: uwanja wa Amaan unajaa, kuna gwaride, kuna mizinga. Nenda tarehe 10 Desemba: maduka wazi, madaladala yanaita abiria, hakuna lolote. Kwa serikali iliyotokana na Mapinduzi, uhuru ule wa Desemba ulikuwa wa Sultani. Na wapo Wazanzibari wanaoihesabu bado tarehe hiyo, kimyakimya au kwa sauti, kutegemea wako wapi. Sikuja kuamua nani ana haki. Nawaonyesha tu kwamba visiwa vile vina tarehe mbili ndani ya wiki tano, na ukimwuliza mtu anasherehekea ipi, umeshamwuliza habari za babu yake.

India na Pakistan zilizaliwa kwa sheria moja iliyotaja siku moja, 15 Agosti 1947, tarehe aliyoipenda Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Waingereza kule India, kwa kuwa ilikuwa miaka miwili tangu Japani isalimu amri. Wahindi wakaishika. Wapakistani wakasogea, tangu 1948 wao ni 14 Agosti. Waghana, chini ya Nkrumah, walipata uhuru tarehe 6 Machi 1957, na 6 Machi ilikuwa pia tarehe ya mkataba wa 1844 uliowapa Waingereza mguu wa kuingilia pwani ile. Na Zambia ni tamu zaidi: uhuru wao, 24 Oktoba 1964, uliangukia siku ya kufungwa kwa Olimpiki za Tokyo. Wanariadha walioingia uwanjani siku ya ufunguzi wakiitwa Northern Rhodesia walipita siku ya mwisho na bendera mpya, jina jipya.

Ila nchi iliyonifundisha zaidi ni Afrika Kusini. Tarehe 16 Desemba 1838 Makaburu waliwashinda Wazulu kwenye mto Ncome, baada ya kuweka nadhiri kwa Mungu kwamba wakishinda wataiadhimisha siku hiyo daima. Ikawa sikukuu ya nchi nzima, sikukuu ya mshindi. Mandela na wenzake walipoanzisha jeshi la Umkhonto we Sizwe, walifanya mashambulizi ya kwanza tarehe gani? 16 Desemba 1961. Waliichagua makusudi. Ikafika 1994, ubaguzi umeanguka, na tarehe moja ina wenyewe wawili ambao walikuwa wakiuana. Ungetarajia serikali mpya iifute. Haikuifuta. Kuanzia 1995 wameiita Siku ya Maridhiano. Hawakumwambia yeyote asahau lililotokea. Waliwaambia wote waje siku ileile na kumbukumbu zao. Sijui kama inafanya kazi kila mwaka, na wenyewe hulalamika sana, lakini kama mtu angenipa kalamu nichague mfano mmoja duniani, ningechagua huo.

Australia hawajafika hapo. Sikukuu yao ni 26 Januari, siku merikebu za Waingereza zilipotia nanga Sydney mwaka 1788 zikiwa na wafungwa. Wenyeji asilia waliifanya siku ya maombolezo tangu 1938, na hata leo mji mmoja unakuwa na fataki upande huu na maandamano upande ule.

Basi, Mashujaa. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo msako ukaanza. Walikamatwa wengi, sita wakapelekwa Kapenguria kushtakiwa: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Sita. Uhuru ulipokuja siku hiyo ikaitwa Kenyatta Day. Wale watano walikaa kwenye jukwaa la siku yenye jina la mwenzao, na wengine baadaye waliondolewa hata jukwaani.

Hapo pia kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hukataa kuliamini mpaka niwaonyeshe. Mau Mau, wale wapiganaji wa msituni, ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1950. Marufuku hiyo iliondolewa lini? Mwaka 2003. Kwa hiyo kila Oktoba, miaka arobaini, tulisimama viwanjani tukisifu vita vya ukombozi, na kwa mujibu wa sheria zetu wenyewe wapiganaji wale bado walikuwa chama haramu. Mzee aliyetoka msituni angeweza kuketi uwanjani akapigiwa makofi, lakini asingeweza kusajili chama cha wenzake. Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadilisha jina likawa Mashujaa, na sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, pale mjini ni ya 2007. Si zamani.

Na kuna tarehe ambazo hatukuzichagua kabisa. Tarehe 16 Machi 1922, hapa Nairobi, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyewapinga wakoloni, aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Muthoni Nyanjiru aliwatolea maneno na kitendo cha aibu kilichowafanya wasimame. Polisi wakafyatua risasi. Yeye alikuwa miongoni mwa waliouawa. Mnapita hapo kila siku mkienda chuoni. Hakuna mapumziko, hakuna gwaride.

Upande wa pili, tulikuwa na siku tuliyopewa bila kuiomba: 10 Oktoba, Moi Day. Katiba mpya haikuitaja, watu wakaenda kazini miaka kadhaa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema ngoja, Sheria ya Sikukuu haijabadilishwa, siku bado ipo. Ikarudi. Kisha ikaitwa Utamaduni, watu wakavaa shanga. Sasa inaitwa Mazingira, tunapanda miti. Tarehe moja, majina matatu, na wengi wetu tunachokumbuka ni kwamba hatuendi kazini. Nigeria walikuwa na tatizo la namna hiyo wakalimaliza kwa uzito zaidi. Sikukuu yao ya demokrasia ilikuwa 29 Mei, siku wanajeshi walipowaachia raia serikali mwaka 1999. Watu waliendelea kusema siku yenyewe ni 12 Juni, siku ya uchaguzi wa 1993 ambao Abiola alishinda na jeshi likafuta matokeo. Mwaka 2018 serikali ikakubali ikaihamisha.

Vijana, najua mnangoja niseme Saba Saba. Nasema. Tarehe 7 Julai 1954 TANU, chama cha Nyerere, ilizaliwa Dar es Salaam, ndiyo maana kule Tanzania siku hiyo ni sikukuu, na maonyesho ya biashara yanaitwa jina hilo. Tarehe 7 Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano Kamukunji, hapo jirani tu, kudai vyama vingi. Wenyewe walitiwa kizuizini siku chache kabla. Watu wakaenda hata hivyo, na mji ukawaka. Desemba 1991 kile kifungu cha 2A kilichotulazimisha kuwa na chama kimoja kikafutwa. Na tangu UNESCO ilipoamua mwaka 2021, tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Hebu fikirini: mwalimu wa Kiswahili anapanga mashairi na watoto shuleni siku ambayo barabara za katikati ya mji zimewekwa vizuizi. Hapa Kenya Saba Saba haimo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na haijawahi kuhitaji kuwamo. Kama ile 19 Juni ya Texas.

Nimesema mengi juu ya kuchagua. Juu ya kusherehekea nina swali moja tu, nalo ndilo jina la hotuba hii. Siku hiyo, nani anatembea na nani ameketi?

Kwetu mnajua. Mwananchi anafika uwanjani usiku wa manane, anakaguliwa, anakaa kwenye zege mpaka jua limpige utosini. Wakubwa wanakuja saa nne, wana kivuli. Jeshi linatembea, sisi tumeketi. Kisha Rais anasoma hotuba kwa Kiingereza, kurasa na kurasa, na uwanja unapiga miayo. Halafu anaweka karatasi kando, anaanza Kiswahili, na watu wote wanaamka kwa pamoja. Marais wetu wote wamefanya hivyo. Sielewi kwa nini hatujaanza na ile sehemu ya pili tuiachie hapo. Tangu 2016, Nakuru, sherehe zimekuwa zikihamishwa kutoka kaunti hadi kaunti: Kisumu, Embu, Bungoma, Kwale, Homa Bay. Nilifurahi, kwa sababu viwanja vimejengwa, barabara zikawekwa lami kwa haraka ambayo hatukuijua. Lakini jukwaa limesafiri likiwa zima. Namna ya kuketi haikubadilika.

Waangalie Wanorwe. Siku yao ni 17 Mei, siku ya katiba yao ya 1814. Mwaka huohuo waliingia katika muungano na Waswidi, wakajitoa 1905, na hawakuona haja ya kuhamisha siku. Gwaride lao ni la watoto. Shule baada ya shule, kila moja na bendera yake na bendi yake, wanapanda barabara kuu ya Oslo hadi ikulu, na mfalme na jamaa yake wamesimama roshani wakiwapungia mkono saa nyingi. Mfalme amesimama, mtoto wa darasa la pili anapita. Baadaye watoto wanakula aiskrimu na soseji bila kuhesabiwa.

Waholanzi huadhimisha siku ya kuzaliwa kwa mfalme wao, 27 Aprili, kwa kuuza mitumba: kila mtu anatandika vitu vyake vya zamani barabarani bila leseni, nchi nzima ni Gikomba. Waindonesia wana 17 Agosti, na mitaani kamati za majirani huchanga pesa, wakasimamisha mti uliopakwa mafuta, zawadi zimefungwa juu, vijana wanapandana mabegani kuzifikia na kuporomoka huku watu wanacheka. Wareno wamechukua 10 Juni, siku aliyokufa mshairi wao Camões mwaka 1580. Mshairi! Sisi wa Kiswahili tungekosa wa kumchagua?

Na Watanzania wameonyesha kwamba sherehe inaweza hata kusitishwa. Mwaka 2015 Magufuli alifuta gwaride la 9 Desemba, akashika ufagio, nchi nzima ikafanya usafi. Mwaka 2022 Rais Samia akaelekeza fedha za sherehe zikajenge mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Wengine waliona ni siasa. Huenda. Lakini bweni linabaki baada ya siasa.

Kwa hiyo nina ombi, na ni la hapa Kaloleni. Asubuhi ya tarehe 20 Oktoba, kabla ya redio kuanza matangazo ya uwanjani, watoto wa shule zetu watoke mbele ya ukumbi huu, wazunguke mtaa hadi Mbotela na kurudi. Wazee wapewe viti kivulini, ila waketi wakiwa wa kusalimiwa. Kila mtoto abebe jina moja aliloliandika mwenyewe, la mtu wa mtaa huu aliyefanya jambo: mwanachama wa vyama vya wafanyakazi, mkunga, aliyezuiliwa kambini, mwalimu. Majina tuyakusanye kwa mdomo kwa wazee walio hapa mbele, wiki hii, maana hayamo vitabuni. Mama wa chapati wakipenda kuuza, wauze.

Kuhusu polisi, najua mtaniuliza. Sheria inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa kituo, si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya 14. Barua nimeiandika, iko hapa mezani, inahitaji sahihi ya waandalizi. Walimu wakuu wangapi mko ndani? Njooni tuanze na nyinyi, kisha tuchukue maswali.